Baada ya Kushuka Kwenye Kiti cha Daktari wa Meno

Maelezo ya namna ya kuutunza mdomo nyumbani hutolewa wakati mbaya kuliko wote. Mgonjwa ameuma kipande cha shashi, nusu ya uso imekufa ganzi, masikio bado yana mlio wa mashine, na hapo ndipo anapoelezwa mambo chungu nzima ambayo anatakiwa kuyakumbuka kwa wiki nzima. Anaitikia kwa kichwa kwa sababu kuzungumza hawezi, kisha anaondoka akiwa ameshika jambo moja au mawili. Akifika nyumbani, pengo la maelezo hujazwa na ndugu, jirani na kila mtu aliyewahi kung'olewa jino, na ushauri wao wa kwanza karibu siku zote ni uleule: sukutua maji ya chumvi, tena ya moto, ili kidonda kisafike.

Ushauri huo si mbaya, ila umefika kabla ya wakati wake. Nimeng'olewa gego la mwisho, nimezibwa meno, nimesafishwa mzizi, na nimemuuguza mama yangu baada ya kung'olewa meno, na kila mara nimeona watu wakifuata mpangilio uliopinduka. Siku ya kwanza, ambapo kidonda kinahitaji kuachwa, wanakisumbua kwa kusukutua, kutema na kukipapasa kwa ulimi. Siku ya tatu, ambapo kinahitaji usafi, wanaogopa hata kupitisha mswaki karibu nacho.

Jino linapong'olewa huacha tundu kwenye mfupa wa taya. Tundu hilo hujaa damu, damu huganda, na bonge hilo la damu ndilo linalofunika mfupa na ncha za neva, na ndimo ndani yake mishipa midogo na nyama mpya huanza kuota. Siku ya kwanza bonge hilo bado ni laini na limejishikiza kidogo tu kwenye kuta za tundu. Ndiyo maana mgonjwa huambiwa aume shashi kwa nguvu ya kadiri kwa dakika 30 hadi 45 bila kuitoa na kuichungulia, maana kila inapotolewa, damu iliyoanza kuganda hutoka nayo na kazi huanza upya.

Kwa saa 24 zinazofuata, chochote kinachovuta au kusukuma ndani ya kinywa kinaweza kuling'oa bonge hilo. Kusukutua ni kimoja. Vingine ni kutema mate kwa nguvu, kunywa kwa mrija, kuvuta sigara na ile tabia ya kulinyonya tundu kwa ulimi ili kuhisi kama damu bado inatoka. Mate humezwa. Asiyeweza kuyameza kwa sababu ya ladha ya damu ainame juu ya sinki, afungue mdomo na kuyaacha yadondoke yenyewe. Vinywaji vya moto navyo vinasubiri, kwa kuwa joto hupanua mishipa na damu hurudi. Pombe pia inasubiri, na vivyo hivyo kazi ya kubeba mizigo, mazoezi ya nguvu na kuinama kwa muda mrefu. Usiku wa kwanza ni vizuri kuongeza mto mmoja chini ya kichwa, na juu ya mto huo kutandika taulo la zamani.

Taulo hilo ninalitaja kwa sababu asubuhi huenda likawa na madoa, na madoa hayo huzua hofu isiyo na msingi. Damu kidogo ikichanganyika na mate mengi huonekana kama mdomo mzima umejaa damu. Mate ya rangi ya waridi kwa siku ya kwanza, na hata asubuhi ya pili, ni jambo la kawaida. Damu nyekundu inayojaza kinywa kila baada ya muda mfupi ni jambo lingine, na hapo kuna kazi ya kufanya. Kaa wima, futa kwa upole bonge legelege lililotokeza nje ya tundu, kisha kunja shashi safi mara kadhaa mpaka iwe nene, iloweshe kidogo, iweke juu ya tundu lenyewe na uume kwa dakika 30 bila kufungua mdomo. Unene huo ndio siri ya shughuli yote. Nimeshuhudia mtu akiuma kipande chembamba kwa saa nzima huku damu ikiendelea kutiririka. Meno ya juu na ya chini yalikuwa yanakutana pande zote mbili za pengo, na shashi ilikuwa imelala katikati bila kukandamizwa na chochote. Ilipokunjwa ikazidi kimo cha meno ya jirani, damu ilisimama. Pamba ya nyuzinyuzi haifai kwa kazi hii kwa sababu nyuzi zake hubaki kwenye kidonda. Asiye na shashi anaweza kutumia kifuko cha chai nyeusi kilicholoweshwa kwa maji na kukamuliwa, kwa kuwa tanini iliyomo kwenye chai husaidia damu kuganda. Ukirudia kuuma kwa namna hiyo na damu bado haijakoma, rudi kwa daktari siku hiyohiyo. Anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda, kama vile warfarini au aspirini ya moyo, asiziache kwa uamuzi wake mwenyewe. Alipaswa kumweleza daktari wa meno kabla ya kung'olewa, na kama hakusema, amweleze sasa.

Kinachoogopwa katika kulilinda bonge hilo si damu peke yake. Likitoka au likiyeyuka mapema, mfupa unabaki wazi, na hali hiyo madaktari huiita tundu kavu. Dalili yake ina mwenendo wake: maumivu yalikuwa yanapungua, kisha kati ya siku ya pili na ya nne yanarudi kwa kishindo, yanapwita, yanapanda kuelekea sikioni na kwenye paji la uso, na mdomo unakuwa na harufu na ladha mbaya. Ukitazama ndani ya tundu huoni damu iliyoganda bali uwazi mtupu, na pengine mfupa wenye rangi ya kijivu au nyeupe chini yake. Hutokea zaidi kwenye magego ya taya la chini, hasa yale ya mwisho, na wanaovuta sigara wamo hatarini kuliko wengine, kwa sababu moshi na nikotini hubana mishipa ya damu na mvuto wenyewe huling'oa bonge. Wanawake wanaotumia vidonge vya uzazi wa mpango vyenye estrojeni nao hukumbwa zaidi. Kwa kawaida si usaha wala homa, na kwa hiyo kukimbilia dukani kununua antibayotiki ni kujipotezea muda. Daktari huliosha tundu na kuliwekea dawa ya kutuliza, na nafuu mara nyingi huja haraka kiasi cha kumfanya mgonjwa ajiulize alivumilia nini siku zote hizo.

Baada ya saa 24 mambo yanageuka, na sasa chumvi inapata nafasi yake. Nusu kijiko cha chai cha chumvi kwenye glasi ya maji ya vuguvugu, yaani kama mililita 250, inatosha. Kuongeza chumvi hakuongezi uponyaji. Maji makali huichoma nyama mpya bure. Kazi kubwa ya maji hayo ni kuondoa mabaki ya chakula na kutuliza fizi. Yachukue mdomoni, inamisha kichwa upande mmoja, yaache yakae juu ya kidonda, kisha upande wa pili, halafu uyaachie yadondoke. Fanya hivyo baada ya kila mlo na kabla ya kulala, kwa wiki moja hivi. Punje na mbegu ndogo za chakula hupenda kujificha ndani ya tundu la taya la chini, na maji hayo huzitoa bila kuhitaji kijiti. Kijiti cha meno, pini au ukucha havipaswi kukaribia hapo kabisa. Kama daktari amekupa bomba dogo la plastiki la kuoshea tundu, tumia kuanzia siku aliyokuelekeza, si kabla yake.

Mswaki haupumziki. Jioni ya siku ileile ya kung'olewa, meno mengine yote yanapigwa mswaki kama kawaida, isipokuwa mtu anaruka sehemu ya kidonda na hasukutui kwa nguvu mwishoni. Kuanzia siku ya pili au ya tatu, mswaki laini unaweza kuanza kusogea karibu na tundu, ukapitishwa polepole kwenye meno yanayopakana nalo. Hapa ndipo wengi hushindwa, kwa sababu fizi zinauma na zinavuja damu kidogo, nao wanadhani wameumiza kidonda. Ukweli ni kwamba ukoga ukiachwa ukajikusanya kwenye meno hayo, fizi huvimba na kuvuja damu zaidi. Kwa upande wa dawa za kusukutua za dukani, zenye alkoholi ziwekwe kando kwa sababu huchoma. Daktari akiandika klorheksidini, itumike kwa siku alizotaja tu, kwa kuwa ikizidi wiki mbili huanza kuyapaka meno rangi ya kahawia na kuharibu ladha ya chakula. Na isitumiwe mara tu baada ya kupiga mswaki, kwa sababu viambato vya povu vilivyomo kwenye dawa ya meno huipunguzia nguvu. Nusu saa katikati inatosha.

Siku chache baadaye mtu akijitazama kwenye kioo huona kitu kinachomtisha: utando mweupe au wa njano umelifunika tundu. Mama yangu aliuona, akaamini ni usaha, na alikuwa tayari ameshika kipande cha kitambaa ili aufute. Utando huo ni sehemu ya kupona. Ni protini ya damu iliyoganda na chembe mpya zinazojenga nyama, na ukifutwa kidonda kinarudi nyuma. Usaha una tabia nyingine: ni mzito, unatoka ufizi unapobonyezwa, una ladha ya kukirihisha na huandamana na maumivu yanayoongezeka, na pengine homa. Utando wa kupona haudondoki, haunuki sana, na unabadilika taratibu kuwa waridi. Ufizi huziba uso wa tundu katika wiki kadhaa, lakini mfupa ulio chini huchukua miezi kujaa, na kwa hiyo kibonde kinachobaki kwa muda si dalili ya tatizo. Inawezekana pia, baada ya wiki chache, kuhisi kitu chenye ncha kikichomoza kwenye ufizi na kudhani kipande cha jino kimesahaulika. Mara nyingi ni kibanzi cha mfupa ambacho mwili unakisukuma nje. Kikimsumbua mtu, daktari hukitoa kwa dakika chache.

Uvimbe una ratiba yake, nao hufika kilele siku ya pili au ya tatu, si siku ya kwanza. Barafu iliyofungwa kwenye kitambaa, dakika 15 hadi 20 shavuni kisha mapumziko, husaidia siku ya kwanza na ya pili. Baada ya hapo joto la wastani ndilo lenye faida, hasa kama taya limekaza. Kama kidonda kilishonwa kwa nyuzi za kujiyeyusha, hizo hudondoka zenyewe, nyingi ndani ya wiki mbili.

Kuhusu maumivu, kanuni ninayoiona bora ni kutosubiri. Dawa ya kwanza inywewe kabla ganzi haijaisha, kwa sababu ni rahisi kuyazuia maumivu kuliko kuyafukuza. Kwa mtu mzima asiye na kizuizi, ibuprofeni ya miligramu 400 pamoja na parasetamoli hufanya kazi vizuri zaidi kuliko kila moja peke yake, kwa sababu zinatuliza kwa njia mbili tofauti. Parasetamoli isizidi gramu 4 kwa saa 24, yaani vidonge 8 vya miligramu 500, na hesabu hiyo ijumlishe dawa za mafua ambazo nyingi zina parasetamoli ndani yake. Ibuprofeni inywewe na chakula, na mwenye vidonda vya tumbo, ugonjwa wa figo, pumu inayochochewa na dawa za aina hiyo, mjamzito au anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda aulize kwanza. Aspirini si dawa ya kutuliza maumivu ya jino lililong'olewa, kwa kuwa huongeza kuvuja damu, na haipewi mtoto. Zaidi ya hayo, kuna watu wanaoiponda na kuipaka juu ya ufizi. Kufanya hivyo huuunguza ufizi ukawa mweupe kama ngozi iliyomwagikiwa tindikali, na mtu anabaki na vidonda viwili badala ya kimoja. Antibayotiki si sehemu ya lazima ya kung'oa jino. Daktari akiziandika, zinywewe kama alivyoelekeza, asipoziandika, hakusahau.

Maumivu ya kawaida hupungua siku hadi siku. Yakiongezeka baada ya siku ya tatu, uvimbe ukiendelea kukua, homa ikifika nyuzi 38 au zaidi, au ganzi ya mdomo wa chini na kidevu ikiwa bado ipo siku iliyofuata, mpigie daktari. Lakini kuna dalili ambazo hazisubiri miadi wala asubuhi: uvimbe unaoshuka chini ya taya kuelekea shingoni au unaopanda kufumba jicho, ulimi unaoinuliwa na uvimbe, kushindwa kumeza hata mate, sauti kubadilika, kupumua kwa shida. Maambukizi ya namna hiyo, ambayo daktari Mjerumani Wilhelm Friedrich von Ludwig aliyaeleza mwaka 1836, yanaweza kuziba njia ya hewa kwa saa chache, na mahali pake ni hospitali kwenye kitengo cha dharura, si kliniki ya meno.

Si kila anayeshuka kwenye kile kiti ameng'olewa. Aliyezibwa jino ana kazi ndogo zaidi, ambayo kwanza ni kusubiri ganzi iishe, jambo linaloweza kuchukua saa kadhaa, kabla ya kula. Kwa watoto hili lisichukuliwe kirahisi. Mtoto huhisi mdomo wake kuwa kitu kigeni, anautafuna kwa mchezo bila kusikia uchungu, na jioni mzazi anakuta mdomo umevimba na una kidonda cheupe kinachofanana na maambukizi. Kwa kawaida ni jeraha la meno yake mwenyewe na hupona, ila ni afadhali kumketisha karibu na kumwangalia mpaka ahisi mdomo wake tena. Jino lililozibwa kwa dawa nyeupe inayokaushwa kwa mwanga wa bluu huwa gumu papo hapo. Lile la rangi ya fedha huchukua karibu siku nzima kukomaa, na upande huo usitafunie vitu vigumu hadi kesho yake. Kusisimkwa na baridi kwa siku kadhaa, hata wiki mbili, ni kawaida. Kisicho kawaida ni jino kugonga kabla ya mengine unapouma. Usilivumilie ukidhani litazoea. Linasagwa kidogo kwa dakika chache na maumivu yanaisha, wakati ukiliacha, kila tonge unalotafuna linalibonyeza lilipo na kulitia uchungu.

Aliyesafishwa meno kwa kukwanguliwa ugaga, yaani uchafu uliogandamana na kuwa mgumu kwenye meno, hupata fizi zenye kuvuja damu kidogo siku mbili tatu, meno yenye kusisimka, na hisia kwamba mianya imeongezeka. Mianya haikuchimbwa, ilikuwa imezibwa na ugaga na uvimbe wa fizi. Dawa ya meno iliyotengenezwa kwa ajili ya meno yanayosisimka husaidia, ila inahitaji kutumiwa kila siku kwa wiki kadhaa ndipo matokeo yaonekane, na ni vizuri kutema povu bila kusukutua maji baada yake, ili dawa ibaki kwenye meno.

Matibabu ya mzizi, yaani kusafisha ndani ya mzizi wa jino na kuliziba, nimeyaacha mwisho kwa sababu hatari yake haiko siku ya kwanza. Siku chache za uchungu wakati wa kuuma ni jambo la kutarajiwa, kisha maumivu yanatoweka kabisa, na hapo ndipo watu wanapopotea. Jino limezibwa kwa kiraka cha muda, haliumi, na miadi inayofuata inaonekana kama gharama isiyo na sababu. Kiraka hicho hakikutengenezwa kwa miezi. Kikilika pembeni, mate na bakteria hupenya na kurudi kwenye mzizi uliosafishwa kwa tabu, na kazi yote inaanza upya au jino linang'olewa. Gego lililotobolewa namna hiyo pia hubaki na kuta dhaifu, na likitumiwa kuuma kitu kigumu kabla ya kuvikwa kofia, yaani kifuniko kigumu cha jino zima, linaweza kupasuka hadi chini ya ufizi, mpasuko ambao hauzibiki. Wakati wa kusubiri, tafuna upande mwingine, epuka vitu vya kunata, na kama umewekewa kofia ya muda, uzi wa meno uvutwe nje kwa pembeni badala ya kuurudisha juu, ili usiing'oe. Kipande kidogo cha juu cha kiraka kikimeguka na ndani bado kumeziba, si dharura. Kikitoka chote, mpigie daktari siku hiyohiyo.